Ombi la Leseni ya Umeme kwa Kiti cha Dada Yangu

Kwa Mhariri wa ukurasa wa barua. Na kupitia kwako, kwa Bwana Mkaguzi wa Leseni za Umeme, ambaye najua anausoma ukurasa huu kwa kuwa wiki iliyopita aliandika humu humu:

"Fedha anayolipwa mkandarasi mwenye leseni ni bima ya uhai. Mkulima anayeilalamikia hajui thamani ya uhai wake mwenyewe."

Hayo ni maneno ya Bwana Mkaguzi, neno kwa neno. Nimeyasoma kwa miwani na bila miwani. Niliyasoma kwa sauti zizini wakati wa kukamua, ng'ombe wangu mwekundu akaipiga ndoo teke. Sidai kwamba alikuwa anajibu hoja. Nataja tu kwamba hata yeye alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo ofisi ya Bwana Mkaguzi haijatufanyia sisi.

Bwana Mkaguzi, mkulima anaujua sana uhai wake. Anaamka nao alfajiri, anauinamisha shambani mchana kutwa, jioni anaurudisha nyumbani ukiwa unauma mgongo. Asichokijua, na ndicho ninachokuuliza kwa heshima zote, ni kwa nini sahihi ya mtu aliyekaa kivulini iwe ghali kuliko nyaya, soketi, balbu na mikono ya mtu aliyefanya kazi, vyote vikiwekwa pamoja. Nitaeleza kwa utaratibu, tena kwa namba, maana naambiwa ofisi yako hupata shida na jambo lisilo na namba.

Lakini kwanza msomaji wa mbali atujue. Sisi ni wakulima wadogo na wafugaji wa ng'ombe wachache wachache. Nyumba yetu ya maziwa ni chumba kimoja cha matofali kando ya barabara ya vumbi, sakafu yake ya saruji ina mteremko wa kutolea maji, dirisha lake moja lina wavu wa kuzuia nzi. Katikati ya chumba hicho limesimama tangi la kupozea maziwa, la chuma kinachong'aa hata unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Tulipewa na kiwanda cha maziwa. Nje ya mlango imesimama nguzo ya umeme. Kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye tangi, mbuzi mwenye afya anaruka bila kujiandaa. Shirika la umeme liko tayari kuvuta waya wake hata kesho. Linachodai ni cheti cha kuonyesha kwamba nyaya za ndani zimewekwa na mkandarasi mwenye leseni. Cheti hicho hatuna. Kwa hiyo lori la kiwanda huja likachukua maziwa ya asubuhi, na maziwa ya jioni hulala kwenye madebe mpaka yanachacha, kisha wanapewa mbwa. Nusu ya jasho letu inaishia kwa mbwa. Wamenenepa kiasi kwamba mwizi akija wanamsalimia wakiwa wamelala.

Kiwanda nacho kimeweka sharti: mvua zikianza kabla tangi halijapoza hata lita moja, lori litakuja kulichukua, lipelekwe kwa wafugaji wengine walio tayari. Mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa milimani.

Mwenyekiti wa chama chetu ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwashawishi watu wapunguze mahindi wapande majani ya ng'ombe, kwa sababu tangi linakuja. Tangi likaja. Sasa kila asubuhi akiingia nyumba ya maziwa, wenzake wanamsubiri wakiwa na madebe yao.

"Mwenyekiti, hilo sufuria lako litachemka lini?"

"Mwacheni jamani, amelileta la kujitazamia uso."

"Mimi naona tuliweke nje tuogeshee watoto."

Dada anacheka nao. Anacheka vizuri mno. Kisha anarudi nyumbani na kusema hana njaa. Tangi hilo likipakiwa kwenye lori mbele ya wanawake wale, dada yangu hatasimama tena mbele ya mkutano wowote katika maisha yake, na waliopunguza mahindi watajua wa kumtazama kila wakipika. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Makadirio. Mkandarasi mwenye leseni aliye karibu nasi anaishi mjini. Jina lake analijua Bwana Mkaguzi. Sisi tunamwita Bwana Makadirio, kwa sababu ndiyo kazi pekee tuliyomwona akiifanya kwa mikono yake. Alikuja, akasimama mlangoni pa nyumba ya maziwa, mikono mgongoni, akalitazama tangi kama mtu aliyefika kwenye msiba wa watu asiowajua. Hakuingia. Akaandika.

Juu ya karatasi aliandika nyaya, soketi na kikata umeme. Hapo hatuna ugomvi naye, bei zake ziko dukani, kila mtu anaziona. Chini yake aliandika usafiri. Chini ya usafiri, umbali. Dada akamuuliza, "Samahani baba, usafiri na umbali si kitu kimoja?" Akamjibu kwa upole kabisa, "Hapana mama. Usafiri ni wa gari. Umbali ni wangu mimi." Chini ya umbali aliandika mazingira hatarishi, na tulipouliza ni hatari gani, akamnyooshea kalamu mbwa wangu, aliyekuwa amebweka mara moja na kurudi kulala. Nikamweleza kwamba mbwa yule amejaa maziwa, hawezi kumuuma hata kupe. Alisema bei zake hazibagui mbwa.

Mstari wa mwisho ulisomeka: uangalizi na sahihi. Mstari huo peke yake ulikuwa mzito kuliko yote ya juu yake. Kwa bei ile ungenunua ng'ombe mwenye mimba, na chenji ukamnunulia kamba.

2. Fundi wetu. Tulikaa kikao, tukasema: kwani leseni inatolewa mbinguni? Fundi wa umeme tunaye. Tunamwita Twiga, kwa kuwa ni mrefu hivi kwamba kwenye milango yetu huingia kama mtu aliyedondosha shilingi. Amesoma chuo cha ufundi, cheti chake amekitia kwenye fremu. Amefanya kazi kiwandani mjini miaka mingi kabla ya kurudi kulima shamba la baba yake. Sitaki kumpamba, Mhariri. Twiga ana maringo. Akiwasha balbu husimama chini yake akingoja kupigiwa makofi. Akisema anakuja asubuhi, hakutaja asubuhi ya lini. Na nyumba zote alizozitia nyaya, kabla shirika halijaanza kudai cheti, zina ugonjwa mmoja. Mwalimu wao chuoni aliwafundisha kwamba swichi ikae usawa wa bega, naye ni mwanafunzi mtiifu: kila swichi ameiweka usawa wa bega lake yeye.

Ndiyo maana huku kwetu, chini ya kila swichi kuna msumari, na kwenye msumari umening'inia mwiko. Mwiko huo si wa kupikia, ni wa kuwashia taa. Bibi zetu wameshakuwa mahodari, wanazima bila hata kutazama. Tumezoea. Tena nitakuambia faida yake: hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyewahi kuchezea swichi.

Niliisoma sheria ya leseni yote, na kanuni zake, na jedwali la nyuma ambalo naamini hata walioliandika hawajalisoma. Mkandarasi anatakiwa awe na cheti, Twiga anacho. Awe na uzoefu, anao. Awe na ofisi yenye mlango, kibao na umeme uliounganishwa kwa mujibu wa kanuni. Ofisi ndiyo aliyokuwa hana. Chama kikampa ghala la zamani la viazi. Wanawake wakabeba mchanga, wanaume wakapiga lipu, mimi nikapaka rangi. Twiga mwenyewe alishughulika na kibao tu. Hakutaka kibao, akaandika ukutani moja kwa moja, kwa herufi kubwa hivi kwamba neno MKANDARASI lilimshinda ukuta, herufi mbili za mwisho zikakata kona. Ukitokea kisimani unasoma SI peke yake, na wageni wanauliza ni nini kinachokataliwa hapo.

3. Taa. Bwana Mkaguzi alikuja kukagua ofisi hiyo. Namsifu hadharani: alikuja mwenyewe kwa pikipiki, alivua kofia, alikunywa chai, aliwaamkia wakubwa zake. Alikagua mlango, akaukubali. Alizunguka kona akasoma jina lote, akalikubali. Kisha akainua macho darini.

"Taa iko wapi?"

"Taa naiweka mkishanipa leseni, mheshimiwa," Twiga akasema.

"Leseni nakupa ukishaweka taa."

"Basi ngoja niiweke sasa hivi, sikucheleweshi."

"Huruhusiwi. Huna leseni."

Walitazamana. Kuku akapita katikati yao. Mimi, Mhariri, nimesoma vitabu vya watu waliokaa jela kwa ajili ya fikra zao, nimesoma na vya wale waliowafunga, na sijakutana na fikra iliyofungwa vizuri kama ile. Niliuliza ni nani basi anayeruhusiwa kuweka taa kwenye ofisi ya mtu anayeomba kuruhusiwa kuweka taa. Bwana Mkaguzi akajibu, na nakumbuka hata yeye alishusha sauti, "Mkandarasi mwenye leseni aliye karibu."

4. Lalamiko la nne lilihusu chakula cha mchana cha Bwana Makadirio. Dada amelisoma na kulifuta. Anasema ni aibu kumtia mgeni gazetini kwa sababu ya kula. Namba nimeiacha ili ofisi isidhani nimekosea hesabu.

5. Kiti. Tukamwita Bwana Makadirio aje aweke taa moja, swichi moja na soketi moja katika ofisi ya mtu ambaye, siku akipata leseni, atamnyang'anya wateja. Tulijipa moyo: sahihi hii moja tunainunua ili tusinunue nyingine tena. Alikuja. Akaomba kiti. Dada akamtolea kiti chake mwenyewe, cha mbao ngumu chenye mikono, anachokalia akiongoza mikutano. Bwana Makadirio akakiweka kivulini chini ya upenu, akakaa, akapachika mguu juu ya mguu, akamwambia Twiga:

"Fundi, nyaya ziko kwenye buti. Anza."

Twiga akageuka nyuma kuona kama kuna fundi mwingine. "Nianze mimi?"

"Sasa nani? Mimi nasimamia."

"Mbona umekaa, mkubwa?"

"Wewe fanya kazi, acha maswali."

Basi Twiga, ambaye sheria inamkataza kugusa waya, akatoboa ukuta, akapitisha nyaya, akafunga kisanduku, akaweka balbu. Bwana Makadirio aliongea na simu. Alikuwa anauza kokoto kwa mtu fulani na mtu yule alikuwa mgumu. Kazi ilipokwisha, Twiga akamwita, "Mkubwa, njoo basi uuone waya wa ardhi nilivyoufunga, kabla sijarudisha kifuniko."

Bwana Makadirio akatoa mhuri wake kwenye mkebe. "Nakuamini," akasema. Akagonga karatasi juu ya goti, akatia sahihi, akaondoka na umbali wake.

Neno hilo, nakuamini, ndilo neno ghali kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Mke wangu ananiambia hivyo kila siku bila malipo, ingawa sijui kama ni kweli.

Hapa niache mzaha kidogo. Umeme unaua, Bwana Mkaguzi, na sihitaji makala kuniambia. Jirani yangu alivutiwa waya na kijana mmoja mpita njia, waya ukasuguana na lango la chuma la zizi, ng'ombe wake akaja kujikuna pale. Nilikuwepo. Alianguka bila sauti, mguu wa nyuma ukawa unachora chini. Kama angetangulia mke wa jirani kufungua lango, leo ningekuwa naandika barua nyingine. Kwa hiyo usinipange kwenye foleni ya wasiotaka leseni. Naitaka leseni kwa nguvu zangu zote. Nataka mtu aliyefundishwa, akapimwa, akaaminiwa, ainuke kwenye kiti, aingie ndani, apige goti mbele ya kisanduku kile, auone waya kwa macho yake. Kwa mtu huyo ningeuza ng'ombe na nisinung'unike. Ninachokataa ni kumlipa mtu bei ya macho wakati ametumia kalamu tu.

6. Swichi. Bwana Mkaguzi alirudi mara ya pili, taa ikiwa imeshawekwa na karatasi imegongwa mhuri. Akaingia ofisini, akataka kuiwasha.

Bwana Mkaguzi, wewe si mrefu. Sikulaumu, wala mama yako hana kosa. Uliinua mkono. Uliinuka kwa vidole vya miguu. Uliruka mara moja, kwa heshima zote za ofisi yako, na sisi sote tuligeuka kutazama nje. Dada yangu, ambaye ana huruma, akakuletea mwiko.

"Hiki ni nini mama?"

"Cha kuwashia taa, mwanangu. Gonga tu, usiogope."

Ukakitazama mbele na nyuma, ukasema hakimo katika orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa. Ukaandika: swichi haifikiki, ofisi imekataliwa. Twiga akasema, "Naishusha sasa hivi, mheshimiwa, wewe malizia chai yako." Ukamjibu haruhusiwi kugusa kazi iliyokwisha kuthibitishwa na mkandarasi mwenye leseni. Tukampigia Bwana Makadirio simu. Kuhamisha swichi, akasema, ni kazi mpya: usafiri, umbali, uangalizi na sahihi.

Sasa tutafakari pamoja, maana wewe ni msomi na mimi nasoma. Nani alithibitisha kwa mhuri kwamba swichi ile iko mahali pake? Mwenye leseni. Nani ameadhibiwa kwa kuwa haiko mahali pake? Asiye na leseni. Nani atalipwa tena kwa kosa hilo? Mwenye leseni. Na nani atakayeihamisha swichi yenyewe, siku hiyo ikifika? Wote tunajua ni nani, na tunajua kwamba asipozuiwa ataipandisha zaidi.

Hapa ndipo ilipozaliwa hoja yangu, na naomba isipuuzwe kwa sababu tu ni mpya. Kama uangalizi wa umeme ni kukaa kivulini wakati Twiga anafanya kazi, basi siku ile palikuwa na waangalizi wawili: Bwana Makadirio, na kiti cha dada yangu. Nimewapima wote wawili kwa vigezo vya sheria, bila upendeleo.

Kiti kilikuwepo tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Bwana Makadirio alikwenda mara mbili nyuma ya ghala, mara moja kwa haja na mara moja kwa sababu ya mtandao wa simu. Kiti kilielekea upande wa kazi. Bwana Makadirio alielekea barabarani. Kiti hakikuongea na muuza kokoto. Kiti ni cha mbao kavu, hakipitishi umeme, sifa ambayo sina hakika Bwana Makadirio anayo, kwa jinsi alivyokuwa anatoka jasho. Kuhusu makazi, kiti kina anwani ya kudumu sebuleni kwa dada tangu marehemu baba yetu akichonge. Kuhusu wafanyakazi, sheria inataka wasiopungua wawili. Kiti kina miguu minne, na yote huwa kazini kwa wakati mmoja. Kuhusu gharama, kiti hakidai usafiri, na umbali kutoka sebuleni mpaka nyumba ya maziwa tutaubeba wenyewe kichwani.

Najua utapinga kwamba kiti hakiwezi kutia sahihi. Nimelifikiria hilo. Benki hufunga kalamu kwa kamba mezani ili isiondoke na mteja. Mhuri wa ofisi yako ufungwe vivyo hivyo kwenye mkono wa kiti, na yeyote atakayekalia kiti hicho kazi ikiendelea atagonga. Ukisema mkaaji huyo hatakuwa ameangalia chochote, nitakujibu kwamba ndivyo utaratibu ulivyo sasa, na mwenyewe umeuita bima ya uhai.

Na kama kweli ofisi inaona haya kukipa kiti leseni peke yake, tuko tayari kuafikiana: kipewe kwa muda, ya majaribio, chini ya usimamizi wa stuli.

Kwa hiyo, Bwana Mkaguzi, na ninyi wakuu wa ofisi ya leseni mliokaa juu yake, mawili. Ama leteni mhuri kwa kiti cha dada yangu kabla tone la kwanza halijaanguka, ama mwamuruni kila mwenye leseni yenu ainuke, aingie, apige goti, aone waya. Mkichagua la pili, nitakuja mwenyewe ofisini kwenu kuomba radhi, na nitawaletea maziwa ya jioni yakiwa baridi. Mkikaa kimya, nitaandika kila wiki mpaka Mhariri anichoke, na hapa nyumbani watawaambia kwamba sichoki mapema.

Nawasalimu wapiga chapa, wasahihishaji wa makosa yangu, na mlinzi wa lango la gazeti. Msalimie sana Bwana Mkaguzi na familia yake. Watoto wake nawatakia kurefuka. Wote wa hapa hawajambo, isipokuwa maziwa.

Ni mimi, kwa unyenyekevu ambao nimejitahidi,
Mdogo wake Mwenyekiti, kwa niaba ya chama cha wafugaji.

NYONGEZA: Mhariri, nimetoka kununua stempu nimemkuta dada analisugua tangi kwa maji ya moto, amejifunga khanga kiunoni, anaimba. Amemuuza mtamba wake, yule aliyebakiza miezi mitatu azae, na amemlipa Bwana Makadirio gharama za nyumba nzima ya maziwa, pamoja na umbali. Nilipopandisha sauti akaniambia, "Mdogo wangu, barua yako nimeisoma, nimecheka mpaka nikakaa chini. Sasa sogea, unanikanyagia kitambaa." Cheti kitagongwa Alhamisi, na Ijumaa shirika linavuta waya. Twiga ameshaanza kutoboa ukuta huko ndani, na anamwambia kila mtu kwamba safari hii yeye ndiye anayesimamia. Kwa hiyo nawaomba, wewe Mhariri na wewe mpanga kurasa, barua hii msiichape kabla maziwa hayajapoa. Yakishapoa, ichapeni yote, kwa herufi kubwa, wala msipunguze neno. Ila pale kwenye sahihi mfute "Mdogo wake Mwenyekiti," muweke "mfugaji" tu. Chama kinataka kuongeza taa ya nje, na mwenye leseni aliye karibu bado ni yule yule.